Salamu kwa Mkono Wako: Jinsi ya Kumwandikia Mshirika Mpya

Somo la wiki kwa viongozi wa idara na ushirika wa nyumbani
Maandiko ya kusoma: Warumi 16:1-23, Yohana 1:43-51, Matendo 18:24-28, 2 Wathesalonike 3:17



Wiki hii tunaongea juu ya kitu kidogo sana, kidogo mpaka wengine watashangaa kwa nini kimepewa somo zima. Ni ule ujumbe tunaomtumia mtu mpya akishajiandikisha kwa kwaya, kwa vijana, kwa kina mama, kwa kina baba, au akishapelekwa kwa ushirika wa mtaani kwake. Wengi wetu tunautuma tukiwa ndani ya matatu. Tunanakili ule wa mwaka jana, tunabandika, tunatuma kwa nambari kumi na tano kwa mpigo, basi, tunaona kazi imeisha.

Hebu tuuangalie huo ujumbe wenyewe. Kwa kawaida unaenda hivi: mpendwa, karibu sana katika familia yetu, tunafurahi kuwa nawe, ibada ya kwanza ni saa moja, ya pili ni saa nne, mazoezi ni Jumamosi, nambari ya kutolea sadaka ni hii, ubarikiwe. Hakuna uongo hapo wala tusi. Lakini niambie, kuna neno gani hapo linaloonyesha kwamba aliyetuma anajua ameandikia nani? Ujumbe huo ungeweza kumfikia mtu yeyote katika Kenya hii, hata yule fundi aliyepaka rangi ukuta wa kanisa, na ungemfaa vilevile.

Halafu kuna hiyo nambari ya sadaka. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tunampa jembe kabla hajaketi! Sisemi sadaka ni mbaya. Nasema haina haraka hivyo. Mtu ambaye bado hajajua choo kiko upande gani anaweza kungoja wiki mbili tatu kabla ya kupewa nambari ya fungu la kumi.

Sasa mfikirie anayeupokea. Mtu anayejiunga na kikundi kanisani mara nyingi hajaja kwa sababu ana wakati wa ziada. Kuna aliyetoka Kitale akaja Nairobi kutafuta kazi, na kwa hiyo ploti anayoishi hajui jina la jirani hata mmoja. Kuna dada aliyefiwa na mume, na kanisa la zamani lina kumbukumbu nyingi mno za ndoa yake, hawezi kuingia mle bila kulia. Kuna kijana ameacha pombe wiki tatu sasa, na jioni ya Ijumaa ndiyo vita yake kubwa. Ijumaa hiyo saa moja usiku simu yake inalia. Marafiki wa zamani wamemwandikia kwa jina la utani wanalomwita, wanamkumbusha stori wanazozijua wao tu. Kanisa nalo limemwandikia: mpendwa mshirika. Wewe unadhani ataenda wapi?

Na akikosa kuja, hatapiga kelele. Hakuna atakayeandika barua kwa ofisi kusema ujumbe wenu ulikuwa baridi. Jumapili moja hayupo, ya pili hayupo, ya tatu hakuna anayeuliza, kwa sababu hakuna aliyewahi kumjua vya kutosha kuona kiti chake kiko wazi.

Paulo alikuwa na karani

Kuna watu husema kanisa letu limekuwa kubwa, hatuwezi kumwandikia kila mtu. Twende kwa Warumi 16, ile sura ambayo wengi wetu huiruka kwa sababu ina majina magumu.

Paulo anaandikia kanisa la Rumi, mji ambao bado hajaukanyaga. Ana kazi nyingi, ana safari ya Yerusalemu mbele yake, na baada ya hapo anapanga kwenda Spania. Barua yenyewe hakuiandika kwa mkono wake. Aliyeshika kalamu ni Tertio, na mstari wa 22 Tertio mwenyewe anajitokeza kutoa salamu. Kwa hiyo Paulo alikuwa mtu wa shughuli nyingi aliyetumia msaidizi, kama sisi. Lakini hesabu, kuanzia mstari wa 3 hadi wa 16. Anasalimu watu 24 kwa majina yao, kuongezea nyumba ya Aristobulo, nyumba ya Narkiso, mama yake Rufo na dada yake Nerea.

Na hakuwapa wote salamu moja iliyobandikwa. Prisila na Akila anawakumbuka kwa kuhatarisha shingo zao kwa ajili yake. Epaineto anatajwa kuwa wa kwanza kumwamini Kristo katika Asia. Mariamu amefanya kazi kwa bidii. Androniko na Yunia walifungwa pamoja naye, na walimjua Kristo kabla yake. Anapofika kwa Rufo anamsalimu na mama yake, na anasema huyo mama amekuwa mama kwake pia. Jameni! Sijui huyo mama alimfanyia nini Paulo. Pengine alimpikia, pengine alimuuguza. Biblia haisemi. Lakini barua iliposomwa mbele ya kanisa, mama huyo alijua ni nini kinachosemwa, na hakuna mtu mwingine mjini Rumi ambaye sentensi hiyo ingemfaa.

Hicho ndicho kipimo ninachowapa viongozi wetu. Soma ujumbe wako kabla ya kuutuma, halafu jiulize: kuna sentensi moja hapa ambayo haiwezi kutumwa kwa mtu mwingine? Nasema sentensi moja tu, insha hatuhitaji. Saa za ibada zinaweza kubaki zilezile kwa wote, hata Paulo mafundisho yake yalikuwa ya wote. Lakini iwepo moja ambayo ni yake.

Jambo lingine kwa Paulo ni la mkono. Ukisoma 1 Wakorintho 16:21, Wakolosai 4:18 na 2 Wathesalonike 3:17, utaona karani akishamaliza, Paulo alichukua kalamu akaandika salamu kwa mkono wake mwenyewe. Kwa Wathesalonike anaeleza kwamba hiyo ndiyo alama yake katika kila barua. Kwa Wagalatia (6:11) anawaonyesha hata jinsi herufi zake zilivyo kubwa. Fikiria ngozi au karatasi ile: mwandiko mzuri wa karani ukurasa mzima, halafu pale chini herufi kubwa za mtu mwingine. Ofisi iandike sehemu yake, hakuna ubaya. Ile sehemu ya chini ni yako, Mama Mwenyekiti, ni yako, kiongozi wa vijana, na hakuna wa kukuandikia.

Jina ni mwanzo

Mimi nilisomea biashara chuoni kabla ya kuitwa kwa huduma, na huko tulifundishwa mapema kwamba jina la mteja ni mali. Ni kweli kwamba jina lina nguvu. Mwaka 1959 mtafiti wa Uingereza aitwaye Neville Moray aliwavalisha watu vipokea sauti masikioni, sikio hili maneno haya na lile maneno mengine, akawaambia wafuate upande mmoja tu. Upande wa pili hawakuusikia karibu kabisa. Lakini jina lao lilipotajwa upande huo, takriban theluthi moja yao walilisikia. Bwana Yesu alishasema katika Yohana 10 kwamba mchungaji huwaita kondoo wake kwa majina, kwa hiyo sisi hatukungoja maabara.

Lakini leo jina peke yake limepungua thamani, kwa sababu mashine nayo inalijua. Benki hukutakia heri ya siku ya kuzaliwa kwa jina lako kamili, na hakuna mtu aliyewahi kulia machozi ya furaha kwa sababu ya ule ujumbe. Mbaya zaidi ni pale jina lenyewe linapokosewa. Viongozi wengi wanachukua jina kutoka kwa M-Pesa, vile lilivyo kwa kitambulisho, herufi kubwa zote. Huyo dada hajaitwa hilo jina tangu shule ya msingi! Mtaani ni Mama Brayo, kazini wanamwita jina lingine, na nyumbani ana la ukoo. Kwa hiyo muulize siku ya kwanza, ana kwa ana: ungependa tukuiteje? Swali hilo lenyewe ni ukaribisho. Wengine watataka Dada, wengine Mama fulani, wazee wengi watafurahia Mzee au Baba fulani, na usimwite mzee wa miaka sabini kwa jina lake tupu ati kwa sababu ndivyo programu ilivyolichapa.

Baada ya jina lazima kuwe na kitu. Angalia Nathanaeli katika Yohana 1. Filipo anamleta, naye anakuja na mashaka yake juu ya Nazareti. Anauliza Yesu amemjuaje, na jibu ni fupi sana: kabla Filipo hajamwita, Yesu alimwona chini ya mtini. Basi. Hakupewa ratiba ya vipindi. Aliambiwa ameonekana, na mahali alipokuwa pakatajwa, na yale mashaka yakaisha hapo hapo.

Sisi hatuna macho kama ya Yesu, lakini tuna macho. Ulikaa naye benchi moja Jumapili. Uliona amekuja na mtoto aliyelala ibada yote. Ulisikia akiimba sauti ya pili bila kitabu. Alikuambia mandazi ya baada ya ibada yamemkumbusha nyumbani. Hizo ndizo malighafi, na zinaharibika haraka kama maziwa. Ukingoja Jumatano utakuwa umesahau, na ukisahau utarudi kwa ule ujumbe wa kubandika. Ile kadi ya wageni tunayojaza ina nafasi ya jina, simu na mtaa. Igeuze nyuma, mahali palipo wazi, uandike mstari mmoja kabla hujaondoka kanisani: tuliongea nini. Mwandiko mbaya si hoja, wewe ndiye utakayeusoma.

Ukishakuwa na huo mstari, ujumbe unajiandika wenyewe. Kwa mfano (majina ni ya mfano tu):

Bwana asifiwe Dada Achieng. Ni Mama Wafula wa kwaya. Nimefurahi kukaa nawe Jumapili. Alto ilikuwa inakuhitaji. Jumamosi saa nane nitakungoja langoni.

Huo haufiki herufi 160, kwa hiyo ni ujumbe mfupi mmoja, malipo ya mmoja. (Mkiongeza vile vijipicha vya mikono na moto, mjue kipimo kinashuka hadi herufi 70, na mweka hazina ataona tofauti.) Ndani yake mna aliyeandika, mna walipoonana, mna sababu ya Achieng kuhitajika, na mna mtu atakayesimama langoni. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mtu mpya haogopi mazoezi. Anaogopa zile dakika tano za kusimama mlangoni akiwa hajui aingie wapi.

Usiseme usichokijua

Kuna hatari ya upande wa pili, nayo ni kuigiza. Mtu hamjui mgeni, hajawahi hata kumwona, lakini anamwandikia kwamba Mungu amemwonyesha moyo wake wa pekee. Wapendwa, mtu mpya si mjinga. Rudi kwa Warumi 16 mistari ya 14 na 15 uone kitu. Asinkrito, Flegoni, Herme, Patroba, Herma: majina matupu, hakuna sifa hata moja iliyoongezwa. Labda Paulo alisikia habari zao tu. Alichokijua alikisema, asichokijua alikiacha, na bado aliwasalimu. Kama hukumwona mgeni, andika hivyo kwa ukweli: sijapata nafasi ya kukuona, nitakutafuta Jumapili karibu na meza ya chai. Inatosha kabisa, mradi uende kweli karibu na meza ya chai.

Na kile unachokijua, si chote cha kuandika. Dada amekuambia habari ya ndoa yake chini ya mti, wewe unaiweka kwa kundi la WhatsApp la watu mia mbili ati tumwombee, tumkaribishe. Umemkaribisha au umemfukuza? Kwa kundi, mtaje kwa jina na kwa idara, umepitisha. Mambo ya ugonjwa, msiba, kazi aliyoachishwa, ndoa, hayo yaandikwe kwake peke yake, na hata huko kwa upole, bila kuyataja wazi, kwa sababu simu hushikwa na watoto na hushikwa na wenzi. Isitoshe kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hapa kwetu. Hali ya afya na imani ya mtu ni kati ya taarifa ambazo sheria hiyo inaziita nyeti. Omba ruhusa kabla ya kuingiza nambari ya mtu kwa kundi lolote. Akisema hapana, ni hapana, na bado ni mshirika.

Lingine nitalisema upesi kwa sababu mnalijua. Ndugu, dada mpya aandikiwe na dada, ndugu mpya aandikiwe na ndugu. Ujumbe wa saa nne usiku kutoka kwa kiongozi wa kiume kwenda kwa msichana mgeni hauitwi ukaribisho, hata ukiwa na mistari mitatu ya Zaburi.

Ujumbe unaojibika

Hapa nitaongea kidogo kama mtu wa ofisi. Zile jumbe zinazotoka kwa jina la kanisa badala ya nambari ni nzuri kwa matangazo, kama mkesha umesongezwa mbele. Lakini hazijibiki. Mtu mpya akiandika asante, nitakuja na mama yangu, neno lake haliendi popote. Amepewa mlango usio na kitasa. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza utoke kwa nambari ya mtu, na huyo mtu ajitambulishe, kwa sababu mgeni hana jina lako kwa simu yake.

Na wale wanaotumia orodha ya matangazo ya WhatsApp, ile inayotuma kwa wengi kwa wakati mmoja, jueni kwamba inamfikia tu yule aliyehifadhi nambari yako. Sasa mtu aliyekuja juzi ataihifadhi saa ngapi? Wa zamani wanaupata ujumbe wa kumkaribisha mgeni, mgeni mwenyewe haupati!

Ukijibiwa, jibu. Na akiuliza kitu, ufanye. Ndugu wa Efeso katika Matendo 18 waliwaandikia wanafunzi wa Akaya wampokee Apolo, na Apolo alipofika alipokewa, akawasaidia sana waamini wa huko. Habari za Fibi katika Warumi 16 ni hivyo hivyo. Paulo anataka apokewe, na papo hapo anataka asaidiwe katika jambo lolote atakalohitaji. Wengi huamini kwamba Fibi ndiye aliyeibeba barua yenyewe, kwa hiyo walipomaliza kuisoma alikuwa amesimama pale mbele yao, na hakuna aliyeweza kujificha. Ukimwandikia mtu kwamba tuko pamoja, halafu akuulize wapi kuna chumba cha kukodi kisicho ghali karibu na barabara kuu, hiyo ndiyo barua yenyewe sasa inafunguliwa.

Vijana wameniuliza kuhusu programu za akili mnemba zinazoandika jumbe, kama ni dhambi. Tertio hakuwa dhambi. Ziache zikunyooshee sarufi, zikupangie saa na tarehe. Lakini mashine haikukaa na Dada Achieng, na ukiiambia iandike kana kwamba ilikaa, hapo umeshaingia kwa uongo.

Maswali ya kujadili katika ushirika

Ni nani alikuwa wa kwanza kukutumia ujumbe ulipojiunga na kanisa hili, na unakumbuka neno gani lililoandikwa? Kama hukumbuki, kwa nini?

Katika Warumi 16:1-16, chagua mtu mmoja. Ni nini ambacho Paulo alikijua juu yake, na unadhani alikijuaje?

Katika ushirika wenu kuna nani aliyeingia tangu mwezi jana, na ni nani kati yenu anayelijua jina analopenda kuitwa?

Zoezi la wiki

Kila kiongozi achukue kadi mbili za wageni kutoka kwa meza ya wakaribishaji baada ya ibada ya pili. Mbili tu, si kumi. Ongea na hao wawili kabla hawajatoka langoni, andika mstari wako nyuma ya kadi, na utume ujumbe kabla ya Jumatatu jioni kutoka kwa nambari yako mwenyewe. Wakijibu, usilete jibu ofisini wala kwa kundi. Mngoje Jumapili langoni kama ulivyomwambia, na kama mvua inanyesha, beba mwavuli.